Mzee akitoka kupasuliwa saratani, kitanda kisimmalize

Mzee akirudi Mngeta kutoka kupasuliwa, jambo la kwanza ndugu hufanya ni kumtengea kitanda. Chumba kinafagiliwa, godoro zuri la nyumba linahamishiwa kwake, na mjukuu mmoja anapewa kazi ya kukaa karibu ili babu akitaka maji asinyanyuke. Majirani wakija kumpa pole wanamkuta amelala, na akijaribu kujiinua awapokee, kila mmoja anamwambia: tulia mzee, pumzika.

Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Katika bonde la Kilombero, kama ilivyo sehemu nyingine nyingi za Tanzania, kumwacha mgonjwa ahangaike ni aibu ya familia. Binti akionekana amesimama pembeni huku mama yake akijikongoja kwenda chooni, atasemwa kijiji kizima.

Lakini wiki kadhaa baadaye, nyumba hiyo hiyo huanza kujiuliza. Mshono umefunga, uvimbe umetolewa, mbona mzee hawezi tena kusimama mpaka ashikwe mikono miwili?

Jibu mara nyingi liko kwenye miguu, wala si kwenye kidonda.

Mwaka 2007 jarida la kitabibu la JAMA la Marekani lilichapisha utafiti mdogo lakini wa kutisha. Wazee wachache wenye afya njema, umri wao kwa wastani miaka 67, walikubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Hawakuwa wagonjwa, hawakupasuliwa, na chakula walipewa cha kutosha. Walipopimwa mwishoni walikuwa wamepoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu.

Hao ni wazima. Mzee aliyetolewa uvimbe wa utumbo, au mama aliyekatwa titi, anaingia kitandani akiwa tayari amekonda, damu imepungua na hamu ya kula imekwisha. Kijana akilala wiki mbili huinuka na kuendelea na shughuli zake. Mtu wa miaka 70 huenda asizirudishe kabisa nguvu alizopoteza katika wiki hizo mbili.

Na nguvu za miguu kijijini si suala la michezo. Choo cha nyumba nyingi ni cha shimo. Kukitumia kunahitaji kuchuchumaa na kuinuka, jambo ambalo mgonjwa wa mjini mwenye choo cha kukaa halifikirii. Mzee asiyeweza kuinuka mwenyewe anahitaji mtu wa kumsindikiza, kumshika, na kumwona katika hali ambayo hakutaka kuonwa. Wapo wanaoanza kunywa maji kidogo na kula kidogo makusudi ili wasisumbue watu. Hapo ndipo udhaifu unapozaa udhaifu mwingine, na familia inadhani ni saratani imerudi.

Kwa makadirio ya shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, Tanzania ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 mwaka 2020. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwenda mbali. Kwa wale wanaobahatika kuwahi, upasuaji mara nyingi ndio tegemeo kubwa. Kwa watu wa Mngeta, safari ya matibabu huanzia kituo cha afya, inakwenda Ifakara katika Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, na kwa wengine inaendelea hadi Muhimbili, au Ocean Road kwa ajili ya mionzi. Familia inauza mpunga, inachangishana, inakopa. Baada ya gharama zote hizo, ni hasara kubwa mzee kupona kidonda halafu akamalizwa na godoro.

Maandalizi kabla ya kisu

Kwa miaka mingi hata madaktari waliamini mgonjwa aliyepasuliwa alale. Katika miaka ya 1990 daktari wa upasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, alikuwa miongoni mwa walioupindua utaratibu huo: maumivu yatulizwe vizuri, mgonjwa ale mapema, atolewe kitandani mapema. Leo hospitali nyingi duniani hufuata njia hiyo. Kulala muda mrefu huifanya damu igande kwenye miguu, na mapafu yasiyopanuka vizuri hukaribisha nimonia. Muuguzi anayemlazimisha bibi akae kwenye kiti siku moja baada ya kupasuliwa hamwonei.

Kilichofuata ni swali la busara zaidi: kwa nini kusubiri hadi baada ya upasuaji? Mjini Montreal, Canada, watafiti waligawa wagonjwa 77 wa saratani ya utumbo mpana makundi mawili. Kundi moja lilianza mazoezi, lishe na kutulizwa wasiwasi wiki nne hivi kabla ya kupasuliwa. La pili lilipewa mambo hayo hayo baada ya kupasuliwa tu. Kipimo kilikuwa rahisi: mtu anatembea umbali gani kwa dakika 6. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, wiki nane baada ya upasuaji asilimia 84 ya kundi la kwanza walikuwa wamerudia uwezo wao wa awali au kuuzidi, dhidi ya asilimia 62 ya kundi la pili.

Familia ya Mngeta inaweza kuona hayo ni mambo ya Wazungu, lakini wiki hizo nne hata huku zipo. Ni zile wiki za kusubiri majibu ya kipimo, za kutafuta nauli, za kusubiri tarehe ya chumba cha upasuaji. Kwa kawaida mzee huzitumia akiwa amekaa, akiwaza. Angeweza kuzitumia akitembea.

Huko California nchini Marekani, watafiti wa hospitali ya saratani ya City of Hope, akiwamo mwanasayansi wa uuguzi Virginia Sun na daktari wa upasuaji wa kifua Dan Raz, walikwenda hatua nyingine. Walichukua wagonjwa wazee, wakiwamo wa saratani ya mapafu, na kumpangia kila mmoja mazoezi pamoja na ndugu anayemuuguza. Mtaalamu anazungumza na wawili hao kwa simu na video, kuanzia kabla ya upasuaji hadi baada ya kurudi nyumbani. Wanavaa kifaa cha kuhesabu hatua. Wanapanga malengo yao wenyewe, na mtaalamu anawafuatilia kujua wamefikia wapi, ni kama kocha.

Jambo la kuiga hapo si kifaa cha mkononi. Ni kwamba anayeuguza naye ni mchezaji katika timu, hakuwekwa pembeni kubeba maji.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Juni 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine. Wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha kupasuliwa na kumaliza dawa walifuatiliwa kwa miaka mingi. Nusu walipewa vijitabu vya ushauri wa afya. Nusu walipewa mtu wa kuwaelekeza mazoezi kwa miaka mitatu. Baada ya miaka mitano, asilimia 80 ya waliofanya mazoezi walikuwa hai bila saratani kurudi, dhidi ya asilimia 74 ya wenzao.

Hizo ni namba za watu waliokwisha tibiwa, wengi wao wakiwa hawajafikisha miaka 70, katika nchi zenye uwezo. Hazimaanishi kwamba bibi wa miaka 78 akitembea atapona saratani, na asitokee mtu wa kumshawishi aache dawa au mionzi kwa sababu "anafanya mazoezi". Kutembea kunaongezwa juu ya tiba. Hakuchukui nafasi yake.

Mjukuu ndiye kocha

Neno lenyewe "mazoezi" lina shida kwa mzee wa Mngeta. Mtu aliyelima mpunga miaka 50, aliyeendesha baiskeli na gunia nyuma, akiambiwa afanye mazoezi anacheka. Hayo ni ya watu wa ofisini wenye vitambi. Ni afadhali kumpa mahali pa kufika. Leo mlangoni. Kesho kutwa kwenye mwembe. Wiki ijayo kwa jirani, halafu penye wachezaji wa bao, au kanisani, au msikitini. Anayetaka kuona shamba lake limepaliliwaje ana sababu ya kuinuka kuliko anayehesabiwa hatua asizojua zinampeleka wapi.

Pia kuna suala la nani anasema. Mtoto mkubwa akimwamuru baba yake ainuke, baba ataona amekosewa heshima, na ana haki. Katika familia nyingi mkwe wa kiume hawezi kumshika mama mkwe wake kiunoni kumsimamisha, hata kwa nia njema. Lakini mjukuu ana ruhusa ambayo wengine hawana. Babu na mjukuu ni watani. Mtoto wa miaka tisa anaweza kusema, "Babu, jana kuku amekupita," na babu akainuka kumfukuza kuku. Hakuna mtaalamu wa hospitali anayeweza kusema hivyo.

Kwa wazazi, hapo pana mpaka wa kulinda. Mtoto atembee na babu asubuhi kabla ya shule au jioni akirudi, ahesabu mizunguko ya nyumba, aandike kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari. Asigeuzwe muuguzi. Kumwinua mgonjwa, kumwosha, kukaa zamu ya usiku na kukosa shule si kazi yake, na familia zinazozidiwa huangukia huko bila kupanga, hasa kwa watoto wa kike.

Mizunguko hiyo ianze midogo kuliko mtu anavyodhani. Dakika mbili au tatu za kutembea, mara nne kwa siku, ni afadhali kuliko nusu saa moja ya kujikaza kisha siku mbili za kulala. Kila siku chache inaongezwa kidogo. Kasi inayofaa inapimwa kwa mdomo: mzee aweze kuongea anapotembea. Akishindwa kumaliza sentensi, wasimame. Wakati wa jua kali na wakati njia imegeuka tope la masika, kibaraza kinatosha, au kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Zoezi lenye thamani kuliko yote kwa nyumba yenye choo cha shimo ni kukaa na kuinuka. Kiti cha urefu wa kawaida kinaegemezwa ukutani, maana cha plastiki huteleza. Mzee anakaa, anaweka nyayo chini, anainama mbele kidogo na kusimama, akisukuma kwa mikono kama bado ni mnyonge. Mara tano asubuhi, tano mchana, tano jioni. Akizoea, aache kutumia mikono. Kigoda kije mwishoni kabisa, kwa sababu kuinuka kutoka chini ni kugumu mara mbili.

Kutoka kitandani nako kuna namna yake. Aliyepasuliwa tumbo asiinuke kwa kukaza tumbo. Agande ubavu kwanza, ashushe miguu, kisha ajisukume kwa mkono. Akitaka kukohoa akumbatie mto, au khanga iliyokunjwa, juu ya mshono. Na akohoe kweli, avute pumzi ndefu mara kadhaa kila anapokuwa macho, kwa sababu mapafu nayo yanahitaji mazoezi.

Kwa mama aliyekatwa titi, hofu kubwa ni mkono kuvimba, na hofu hiyo imewafanya wengi waukumbatie mkono hadi bega likakakamaa. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 141 waliokuwa tayari na tatizo la mkono kuvimba baada ya matibabu. Walionyanyua vyuma kidogo kidogo, kwa kusimamiwa, hawakuvimba zaidi ya wenzao. Maana yake si kwamba mama akimbilie kinu. Hospitali ndiyo itakayosema lini mpira wa kutoa majimaji umeshatolewa na lini mkono unaweza kupanda juu ya bega. Ila kuchana nywele, kuanika khanga nyepesi na kupandisha vidole ukutani taratibu, kwa ruhusa hiyo, ni tiba.

Ndoo ya lita 20

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na Mngeta lina jina: kurudi kazini mapema. Wazee wa bonde hawapendi kuonekana wamekaa. Msimu wa kupanda ukifika, aliyepasuliwa tumbo mwezi uliopita anashika jembe "kidogo tu". Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Mara nyingi madaktari hukataza mizigo mizito kwa wiki sita hivi baada ya kupasuliwa tumbo, kwa wengine zaidi, kwa sababu ukuta wa tumbo unaoshonwa nje huwa bado unajishona ndani. Ukiachia, ngiri hutokea pale pale penye kovu. Kutembea ruksa, kutwanga bado.

Wapo pia ambao hawapaswi kuanza chochote bila kuuliza. Mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa, jambo linalowapata wanaume wengi wenye saratani ya tezi dume iliyochelewa kugundulika, anaweza kuvunjika kwa zoezi la kawaida. Mguu mmoja ukivimba na kuuma nyuma ya goti au kwenye misuli ya chini, pumzi ikikata ghafla, homa ikipanda, mshono ukifunguka au kutoa usaha, mazoezi yanasimama na safari ya hospitali inaanza siku hiyo hiyo. Hata ile safari ya kurudi nyumbani kutoka Dar es Salaam ina hatari ya damu kuganda. Gari likisimama, mgonjwa ashuke, atembee.

Anayeuguza, ambaye kwa kawaida ni binti au mke wa mtoto, hukumbukwa mwisho. Wodini amelala chini kwenye khanga, amepika, amefua, amekimbizana na vipimo. Nyumbani anaendelea hivyo hivyo, na shamba linamsubiri. Mgongo wake ukikatika, wagonjwa wanakuwa wawili. Amwinue mzee kwa kukunja magoti, awe karibu naye, amshike kiunoni kwa khanga iliyofungwa kama mkanda, asimvute kwapani wala mikononi. Zile dakika za kutembea pamoja zihesabiwe kuwa zake pia. Kuna mabinti wengi ambao huo ndio muda pekee wa siku ambao mama na mtoto huongea mambo yasiyo ya dawa.

Nani atawafundisha haya? Wataalamu wa fiziotherapia wapo katika hospitali kubwa na wachache sana vijijini. Hata hivyo bonde hili si geni kwa huduma inayokwenda mlangoni. Mwaka 2011 Taasisi ya Afya Ifakara, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, ilianzisha mradi wa Connect uliofundisha na kulipa wahudumu wa kijiji, maarufu kwa jina la WAJA, katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Rufiji. Walipita nyumba kwa nyumba, kazi yao kubwa ikiwa mama na mtoto. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mhudumu anayekuja kumpima mtoto uzito anaweza kufundishwa kumwangalia babu akiinuka kwenye kiti mara tano na kuandika kama wiki hii ni rahisi kuliko iliyopita. Haihitaji mashine. Inahitaji mtu aiweke kwenye orodha ya kazi zake, na mpaka sasa wazee waliopasuliwa wako mbali na juu ya orodha hiyo.

Kabla hilo halijafanyika, darasa lililopo ni wodini, siku ya kuruhusiwa, na dirisha lake ni dogo. Ndugu wengi siku hiyo hushughulika na bili na gari. Yule atakayelala nyumba moja na mgonjwa ndiye abaki na muuguzi au mtaalamu wa fiziotherapia, aoneshwe kwa vitendo mgonjwa anavyotoka kitandani, kisha amwinue yeye mwenyewe mbele yao. Aulize mzigo usizidi kilo ngapi na kwa wiki ngapi, mkono upandishwe lini, kuchuchumaa kuanze lini, bodaboda ipandwe lini. Kama ana simu, hata ya kitochi, aombe namba ya wodi atakayopiga akikwama, na aijaribu kabla gari halijaondoka Ifakara.